Binti yangu wanamwita "Rubani": nimtie moyo au nimwambie ukweli?

"Shikamoo Kapteni. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini, nauza khanga na vitambaa. Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha pili. Tangu aone ndege ndogo ikipakia abiria wa Pemba pale uwanjani, wimbo wake ni mmoja: atakuwa rubani. Hesabu anaziweza, fizikia anayumba. Anavaa miwani, na kwa urefu bado hajanifikia. Mtaani wameshaanza kumwita 'Rubani', wengine kwa utani, wengine kwa kejeli. Mjomba wake anasema kazi ile inataka nguvu za kiume na inaharibu uzazi, bora asome uuguzi. Fedha za kusomesha rubani sina. Nikimtia moyo naona kama namdanganya, nikimkatalia naona kama namvunja. Nishike lipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nashukuru umeandika kirefu. Wengi huniuliza "mwanangu anataka urubani, nifanyeje?" halafu basi, kama vile wote wana mtoto mmoja. Wewe umenipa mtoto mwenye miwani, mwenye mjomba na mwenye jina la mtaani. Huyo naweza kumzungumzia.

Hofu yako nimeielewa hivi: kumtia moyo unaona ni uongo, na kumwambia ukweli unaona ni kumvunja. Kwa miaka niliyofundisha kurusha ndege, sijaona binti akivunjika kwa kuambiwa gharama au masharti mapema. Nimeona wakivunjika kwa kusifiwa bila kuambiwa kitu. Anapigiwa makofi kidato cha pili, anaitwa "rubani wetu", halafu anafika kidato cha sita ndipo anagundua kwamba fizikia aliiacha miaka mitatu nyuma na hakuna aliyemshtua. Kwa hiyo nitakupa yote, pamoja na yale yasiyopendeza. Ukimaliza kusoma, msomee na yeye.

Tuanze na mjomba. Hoja ya nguvu inatokana na kuona kwamba ndege ni kitu kizito. Ni kizito kweli, ila anayekibeba si rubani, ni hewa inayopita kwenye mabawa. Rubani kazi yake ni kuielekeza hewa hiyo kwa vibao vilivyoko kwenye mabawa na mkia. Kwenye ndege ndogo vibao hivyo huvutwa kwa nyaya na kapi. Kwenye ndege kubwa husukumwa na mitambo. Tena kuna kigurudumu kidogo tunakiita trimu. Ukikizungusha, uzito unaondoka mkononi mpaka usukani unakaa wenyewe.

Niliwahi kuwa na mwanafunzi mwenye mikono kama ya kuli wa bandarini. Aliukamata usukani mpaka vifundo vya vidole vikabadilika rangi, na ndege ikawa inapanda na kushuka kama mashua ndani ya mawimbi ya kusi. Nikamwambia aachie, ashike kwa kidole gumba na vidole viwili tu. Ikatulia. Ilimchukua wiki nzima kuamini. Sitasema nguvu haihitajiki kabisa: kwenye ndege ya injini mbili, moja ikizima, mguu unakanyaga pedali kwelikweli. Lakini kanuni za utengenezaji zimeweka kikomo cha nguvu hiyo, na binti mwenye afya anaifikia.

Wasichana niliowafundisha wengi wao walianza na vidole viwili bila kuambiwa. Kosa lao lilikuwa jingine. Wakiona jambo haliko sawa, spidi inapungua au tumepita kimo tulichopangiwa, walinyamaza wakisubiri nianze mimi. Ukiuliza, "Uliona?" anajibu, "Niliona, Kapteni." "Mbona hukusema?" Kimya. Hilo halihusiani na misuli, ni malezi yetu. Pwani hapa tunamlea mtoto wa kike asimkatize mkubwa, na adabu hiyo mimi mwenyewe ninaipenda. Ila kwenye chumba cha marubani inaweza kuua watu.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Tenerife kwenye visiwa vya Canary, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, ndani ya ukungu. Walikufa watu 583. Kapteni wa ndege mojawapo alianza kuruka kabla ya kupewa ruhusa. Mhandisi wake, aliyekaa nyuma yake, aliuliza kama ile ndege nyingine ilikuwa imeshaondoka njiani. Kapteni akajibu kwamba imeondoka, na mhandisi hakusisitiza. Wote mle ndani walikuwa wanaume, tena wazoefu. Baada ya ajali ile na nyingine za namna hiyo, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani rasmi namna ya kumpinga mkubwa bila kumvunjia heshima, na namna ya mkubwa kusikiliza. Leo hakuna anayepata kazi ya kurusha abiria bila mafunzo hayo.

Kwa hiyo ukitaka kumwandaa binti yako kuanzia kesho, bila kutoa hata senti, mruhusu akwambie, "Mama, hapo umekosea." Mpe daftari la mauzo ya khanga alikague. Akikuta umejumlisha vibaya, mshukuru mbele ya wadogo zake. Najua si rahisi. Mimi mama yangu alinitazama kwa jicho moja mwezi mzima.

Kuhusu uzazi, uvumi huu nimeusikia tangu nikiwa kijana, na una chembe ya ukweli iliyokuzwa. Kule juu sana, kwenye kimo cha ndege kubwa, miale kutoka angani ni mingi kuliko huku chini, na inazidi ukielekea kwenye ncha za dunia. Kwetu karibu na Ikweta ni michache. Ndege ndogo za Pemba na Unguja haziendi juu kiasi cha kuwa na la kusema. Zamu za usiku na kuvuka majira ya saa zinaweza kuvuruga hedhi, kama zinavyomvuruga muuguzi wa zamu, jambo ambalo mjomba hakulitaja. Akipata ujauzito, rubani anamwarifu daktari wa usafiri wa anga. Viwango vya kimataifa vinaruhusu, ikiwa mimba haina matatizo, arushe ndege kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26, kisha anapumzishwa. Marubani wenzangu wa kike wana watoto, wengine wana wajukuu.

Miwani si kizuizi. Kipimo cha afya cha daraja la kwanza, ambacho ndicho cha rubani wa biashara, kinataka kila jicho lifike 6/9 na yote mawili kwa pamoja 6/6, na yanaruhusiwa kufika huko kwa miwani. Sharti ni kuwa na miwani ya pili ya akiba mkononi. Kinachoweza kumkwamisha mtu ni kutotofautisha rangi, na hilo huwapata wanaume zaidi ya wanawake. Mpeleke kwanza kwa daktari wa macho, hata pale hospitali ya Bombo, wampime uwezo wa kuona akiwa na miwani na wampitishe kwenye kile kitabu cha vidoadoa vya rangi. Ni kipimo cha dakika chache, na kitakuondolea wasiwasi wa miaka.

Na ufupi? Yuko kidato cha pili, hajamaliza kukua. Ndege kubwa za abiria, kwa kanuni za Marekani ambazo watengenezaji wengi wanazifuata, lazima vifaa vyake vifikiwe na mtu wa kuanzia sentimita 158 hadi 190. Kwenye ndege ndogo tunatumia mto. Mimi nilikuwa na miwili, mmoja wa kukalia na mmoja wa mgongoni ili miguu ifike kwenye pedali. Niliishona kwa khanga kuukuu ya mama. Mkasi ulikata jina la khanga, kwenye mto wa mgongoni ikabaki WAACHE WASE, mengine yakaingia kwenye mshono. Wewe muuza khanga utamalizia mwenyewe.

Sasa fizikia, na hapa nitakuwa mkali. Mwanafunzi akitoka kidato cha pili, shule nyingi humwacha achague masomo ya kuendelea nayo, na fizikia ndiyo inayokimbiwa kwanza. Wasichana hushauriwa kuiacha kwa upole sana: "usijitese, mwanangu." Mimi niliambiwa hivyo na mwalimu aliyenipenda, alitaka nifaulu vizuri masomo ya sanaa. Nilibishana naye kwa machozi, nikaambulia D ya kwanza, kisha C. Ile C ndiyo iliyonivusha. Kwa hiyo akiyumba, asiache. Atafutiwe wa kumfundisha, arudie, ayumbe tena. Mwaka huu ndio wenye uzito kuliko mwaka wowote utakaomgharimu fedha baadaye.

Ili aone kwamba fizikia ya rubani si ya kutisha, mpe hesabu hii. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kwa anga ni kama kilomita 200. Ndege ndogo ya mafunzo inakwenda kilomita 200 kwa saa. Bila upepo, kwenda ni saa moja, kurudi saa moja. Sasa tuseme ni msimu wa kusi, na upepo unampiga usoni kwa kilomita 40 kwa saa wakati wa kwenda, na kumsukuma mgongoni kwa kiasi hicho hicho wakati wa kurudi. Watu wengi, wakubwa kwa wadogo, hujibu kwamba zinafutana, jumla inabaki saa mbili. Mwache akokotoe. Kwenda atakuwa na kasi ya 160, dakika 75. Kurudi 240, dakika 50. Jumla dakika 125. Zile dakika tano hazikufutika, kwa sababu upepo wa mbele umemchelewesha kwa muda mrefu kuliko ule wa nyuma ulivyomharakisha. Mwambie aongeze mafuta: injini ile inakunywa kama lita 35 kwa saa, na juu ya safari lazima ibaki akiba ya dakika 30 mchana. Akimaliza, amuulize mvuvi yeyote wa Deep Sea kuhusu kwenda na kurudi na kusi. Atamjibu bila kalamu.

Hesabu hizo zinataka muda, na hapa nakugeukia wewe. Jioni katika nyumba zetu nyingi mvulana yuko twisheni, msichana yuko jikoni. Simsemi mtu nisiyemjua. Pengine kwako si hivyo. Kama ni hivyo, gawa vyombo kwa watoto wote watatu, umpe saa mbili kila jioni ambazo haitwi. Ukinipa kuchagua kati ya saa hizo na sherehe ya kumpongeza, nachagua saa.

Fedha. Kusomea leseni ya urubani wa biashara mpaka mwisho hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani, kwa sababu kila saa hewani ni mafuta, injini inayochakaa na mwalimu. Viwango vya kimataifa vinataka saa 200, au 150 kama amesoma kozi kamili katika shule iliyoidhinishwa. Akishapata leseni kazi haimsubiri mlangoni. Kampuni hutafuta wenye saa nyingi, na kijana mwenye leseni mpya anaweza kukaa muda mrefu akitafuta nafasi ya kwanza. Kuwa kapteni wa shirika kunataka leseni nyingine, ya saa 1,500. Kwenye suala la uhakika wa kazi, basi, mjomba anayetaka asome uuguzi hajakosea, na usimwambie binti kwamba amekosea.

Msimamo wangu ni huu: usiuze nyumba wala kiwanja kwa ajili ya urubani. Nimeona familia iliyouza, kijana akaishiwa fedha katikati, leseni hana na nyumba hana. Ujuzi wa kuruka uliokatika katikati unachuja haraka. Kuna njia ya kuzunguka, na siihesabu kama faraja ya aliyeshindwa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, Dar es Salaam, kinafundisha ufundi wa ndege. Chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), hapo hapo Dar, kinafundisha waongoza ndege. Fundi ndiye anayetia saini kwamba ndege inafaa kuruka. Asipotia, kapteni na mistari yake yote ya mabegani anabaki chini. Muongoza ndege akisema "subiri", anasubiri hata aliyebeba waziri. Ni kazi zenye mshahara, na mtu aliyeko ndani akiamua kusomea urubani akiwa na miaka 28 anaanza na fedha zake, na anajua wa kumuuliza. Masomo ya sekondari yanayofungua milango hiyo ni yale yale, fizikia na hesabu, kwa hiyo kwa sasa hahitaji kuamua.

Mawakala nao. Kuna wanaozunguka wakiahidi nafasi katika shule za nje kwa "ada ya usajili". Shule ya kweli inajulikana kwa mamlaka ya anga ya nchi yake, na TCAA wanaweza kukuambia kama leseni ya huko itatambulika hapa. Uliza huko kabla hujatuma kitu. Na kipimo cha afya cha daraja la kwanza, kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA, kifanyike kabla ya ada ya kwanza kulipwa. Utaratibu huu ukigeuzwa, watu hulia.

Umegusia kejeli. Katika kila marubani mia duniani wanawake hawafiki kumi, kwa hiyo wanaomcheka wanacheka kitu ambacho hawajakiona. Dawa yake ni kumwonyesha, na hapa ndipo kuwaenzi waliotangulia kunapokuwa na faida. Mwenye leseni wa kwanza kati ya wanawake, Raymonde de Laroche wa Ufaransa, aliipata tarehe 8 Machi 1910. Ila ninayempenda zaidi ni Bessie Coleman, mtoto wa wakulima wa pamba wa Texas, aliyekuwa akitengeneza watu kucha kwenye duka la kinyozi huko Chicago. Shule za Marekani zilimkataa kwa weusi wake na kwa uanamke wake. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, na Juni 1921 akapata leseni kule Ufaransa. Mtu aliyejifunza lugha nzima ili aelewane na mwalimu wa ndege hakuwa akisubiri makofi.

Jirani hapa Kenya kuna Irene Koki Mutungi, aliyekuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Baba yake pia alikuwa rubani. Nalisema hili makusudi, maana binti yako hana baba rubani, na asijilinganishe na mtu aliyekulia kwenye mazungumzo ya ndege mezani. Na kwa wanaouliza kuhusu hijabu: Februari 2016 ndege ya Royal Brunei iliyorushwa na marubani watatu wanawake, wote na hijabu zao, ilitua Jeddah, wakati ambapo mwanamke alikuwa haruhusiwi kuendesha gari huko. Vifaa vya masikioni vinakaa juu ya mtandio mwembamba bila shida. Mnene ndio unaoingiza kelele.

Nina kinyongo kidogo na zile sherehe za "mwanamke wa kwanza". Nimewahi kuitwa jukwaani, nikapewa ngao na fulana, nikapigwa picha na viongozi. Wasichana wa shule waliletwa kwa basi wakakaa juani nyuma kabisa, na hakuna hata mmoja aliyepewa nafasi ya kuniuliza swali. Kama kikundi chenu cha kina mama kinataka kuadhimisha 8 Machi, au 7 Desemba ambayo ni siku ya usafiri wa anga duniani, leteni fundi mmoja wa kike shuleni na kisanduku chake cha zana. Wasichana washike spana. Wamuulize mshahara wake.

Na uwanjani mpeleke, lakini si kwa kuchungulia kwenye uzio. Shule iandike barua kwa meneja wa uwanja kuomba ziara, wiki kadhaa kabla. Asubuhi ndio wakati mzuri. Atazame ile soksi ya upepo kwenye mlingoti, aseme upepo unatoka wapi na ndege itaruka kuelekea upande gani, kabla hajaambiwa. Ndege huruka ikiukabili upepo, kwa sababu bawa linahesabu kasi ya hewa inayolipitia, halihesabu mbio za matairi. Upepo wa mbele ni kasi ya bure. Akikosea, amuulize muongoza ndege. Wewe kaa pembeni, usimuulizie.

Yapo ambayo mimi siwezi kuyajibu kwa maandishi. Kama ana kifafa, pumu, kisukari au sikoseli, au amewahi kuzimia, hayo ni ya daktari wa usafiri wa anga akiwa naye ana kwa ana. Mengine yanaruhusiwa kwa masharti, mengine hayaruhusiwi, na si mimi wala mjomba wa kuamua. Mkataba wowote wa shule au mkopo ausome mwanasheria kabla hujaweka dole. Na kejeli za mtaani zikimfanya aache kula, akatae shule au ajifungie ndani, usisubiri zipite, nenda kwa mwalimu wa ushauri au afisa ustawi wa jamii.

Hilo jina la "Rubani" muulize mwenyewe kama analitaka. Akilitaka, na wewe mwite hivyo, kwa sauti ile ile unayomwitia chakula, litachoka kuwa kejeli. Asipolitaka, waambie jirani zako waache. Na matokeo ya kidato cha pili yakitoka, niandikie alama yake ya fizikia, hata ikiwa D.